Maiki ya M/S: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wanaorekodi Kwaya, Taarabu na Sauti za Nje

Kila ninapofunga stendi kanisani au ukumbini, kuna mtu atakuja kuuliza kwa nini maiki mbili zimebebana, moja ikiwatazama waimbaji na nyingine ikiwapa ubavu. Maswali huwa ni yale yale, na ni maswali mazuri. Nimeyakusanya hapa pamoja na majibu, nikiongeza hesabu ambazo pale ukumbini huwa hakuna muda wa kuzieleza.

M/S ni kitu gani hasa?

Ni njia ya kurekodi stereo kwa maiki mbili zilizokaa mahali pamoja. M (mid kwa Kiingereza) ni ya katikati: inatazama mbele, kwenye sauti unayoitaka. Mara nyingi ni kadioidi, yaani inayosikia vizuri mbele na kuupa ukumbi kisogo. S (side) ni ya pembeni: ina umbo la nane, kwa hiyo inasikia kushoto na kulia, lakini mbele na nyuma karibu haisikii kitu.

Kinachowachanganya wengi ni kwamba hapo hakuna maiki ya kushoto wala ya kulia. Kushoto na kulia vinapatikana kwa kujumlisha na kutoa:

kushoto = M + S
kulia = M − S

Fikiria utando wa maiki ya S. Sauti ikitoka kushoto inausukuma upande mmoja, umeme unatoka na alama ya kujumlisha. Ikitoka kulia inausukuma upande wa pili, umeme unatoka na alama ya kutoa. Sasa mwimbaji aliyesimama kushoto ameingia kwenye M na kwenye S kwa alama moja. Ukijumlisha anakua, ukitoa anapungua. Aliyesimama kulia ni kinyume chake. Yule wa katikati haingii kwenye S, kwa hiyo anabaki sawa spika zote mbili, na sikio linamsikia katikati. Hakuna kingine zaidi ya hicho.

Nani aliibuni?

Mizizi yake iko kwa mhandisi Mwingereza, Alan Blumlein, aliyekuwa akifanya kazi kampuni ya EMI. Desemba 1931 aliwasilisha ombi la hataza (haki ya mbunifu) lililobeba karibu misingi yote ya stereo tunayoijua, ikiwemo hii ya kujumlisha na kutoa. Alifariki mwaka 1942 katika ajali ya ndege wakati wa majaribio ya rada, akiwa na miaka 38 tu. Miaka ya 1950, Holger Lauridsen wa redio ya taifa ya Denmark aliiendeleza njia ya M/S kama wanavyoitumia mafundi mpaka leo.

Na huenda umekuwa ukiisikiliza M/S maisha yako yote bila kujua. Redio ya FM ya stereo, kwa mfumo ulioidhinishwa Marekani mwaka 1961, hairushi kushoto na kulia. Inarusha jumla ya pande mbili kama sauti kuu, kisha tofauti yao inapandishwa juu, kwenye masafa ya kilohezi 38. Redio ndogo ya mono, yaani yenye njia moja tu ya sauti, inachukua jumla tu na kuendelea na kazi. Ndiyo maana pia mawimbi yakidhoofika redio nyingi zinarudi mono: ile tofauti ndiyo inayojaa mikwaruzo kwanza, basi redio inaiacha.

Rekoda yangu ina maiki za X/Y tayari, zile mbili zilizokaa pamoja, moja ikitazama kushoto na nyingine kulia. Kwa nini nihangaike na M/S?

Kwa sababu mbili, na ya kwanza ndiyo iliyonihamisha mimi.

Jiulize kazi yako itasikilizwa wapi. Simu yenye spika moja, redio ya betri jikoni, spika za kanisa ambazo fundi amezifunga zote kwenye waya mmoja, daladala ambayo spika ya upande mmoja ilishakufa. Wasikilizaji wengi watakusikia kwa mono, upende usipende. Sasa angalia hesabu: ukijumlisha kushoto na kulia unapata (M + S) + (M − S), sawa na M mbili. S imejifuta yenyewe, imebaki maiki moja safi iliyokuwa ikiwatazama waimbaji uso kwa uso. Hakuna sauti iliyogongana na nyingine ikawa kama inatoka ndani ya bomba. Tena kwa kuwa mwangwi mwingi wa ukumbi umeingilia kwenye S, mono yako inakuwa kavu kidogo na maneno yanasikika vizuri zaidi. Kwa mtu anayesikiliza kwaya kupitia simu jikoni, hiyo ni faida kubwa.

Sababu ya pili: upana wa stereo unauamua baadaye, ukiwa umekaa. Kwa X/Y, pembe uliyoifunga siku ile ndiyo hiyo hiyo milele. Kwa M/S unapandisha au kushusha S tu, na kwaya inatanuka au kukusanyika mbele yako.

Nahitaji vifaa gani?

Njia rahisi ni kifaa chenye M na S ndani yake. Zoom H2n inayo. Kichwa cha MSH-6 kinapachikwa kwenye Zoom H5 na H6. Shure MV88 inachomekwa kwenye iPhone. Baadhi ya vifaa hivi vina namna ya kurekodi M na S bila kuzigeuza kuwa kushoto na kulia. Ukiiona, itumie, maana ndiyo inayokuachia uhuru wa kubadili upana baadaye.

Njia ya pili ni maiki mbili tofauti: kondensa moja ya kadioidi na nyingine yenye umbo la nane. Maiki nyingi kubwa za studio zina swichi ya kubadili umbo, na alama ya 8 ni mojawapo. Maiki za riboni, zenye utepe mwembamba wa chuma ndani, nyingi zina umbo la nane kwa asili. Angalizo tu: kondensa inataka umeme wa fantomu, unaopitia kebo ile ile ya maiki, wa volti 48, lakini riboni nyingi hazitaki, na za zamani zinaweza kuharibika. Soma karatasi ya maiki yako kwanza kabla ya kubonyeza.

Si lazima maiki zitoke kampuni moja. Zikifanana tabia ni vizuri zaidi, lakini mimi nimerekodi kwaya nyingi kwa jozi zisizofanana, na kazi zikapokelewa.

Sina maiki ya umbo la nane. Nimekwama?

Hapana. Chukua kadioidi mbili zinazofanana, zipe migongo, moja itazame kushoto na nyingine kulia. Ya kulia igeuze polariti, yaani alama yake ya kujumlisha iwe ya kutoa, kwa kitufe chenye alama ya Ø kwenye mikisa, au kwenye programu baadaye. Zichanganye kwa kiwango sawa: sehemu zinazosikia kote zinafutana, kinachobaki ni umbo la nane. Kadioidi ya tatu itazame mbele iwe M. Utatumia chaneli tatu badala ya mbili, lakini inafanya kazi. Kama huna kitufe cha Ø, tengeneza kebo moja ya XLR ambayo pini namba 2 na namba 3 zimebadilishana upande mmoja tu, kisha uifunge utepe mwekundu ili isije ikachanganyika na kebo nyingine.

Nazifunga vipi kwenye stendi?

Moja juu ya nyingine, vichwa vikikaribiana kadiri inavyowezekana bila kugusana. Usizipange ubavu kwa ubavu. Zikipishana sentimita 10 kwa ulalo, sauti ya kutoka upande inafika kwenye moja kabla ya nyingine kwa takriban sehemu tatu za elfu kumi za sekunde. Inaonekana si kitu, lakini inatosha kufuta masafa karibu na hezi 1,700 upande mmoja, pale pale yanapokaa maneno ya waimbaji. Zikiwa juu na chini, sauti inayokuja kwa usawa inazifikia zote kwa wakati mmoja.

S lazima iwe pembe mraba kabisa na M. Kuna namna ya kupima inayozidi macho: vaa hedifoni, sikiliza S peke yake, mwombe mtu asimame katikati mbele ya maiki aongee. Zungusha S taratibu mpaka sauti yake ififie kabisa. Hapo ndipo penyewe.

Nitajuaje kushoto ni kushoto?

Uso wa S, ule wenye nembo ya kampuni, utazame kushoto. Kushoto ya nani? Ya mtu aliyesimama nyuma ya maiki akiitazama kwaya, yaani msikilizaji. Kisha kabla watu hawajaanza, pita mbele ya maiki ukisema kwa sauti, "niko kushoto, niko katikati, niko kulia". Hizo sekunde kumi zimeniokoa mara nyingi. Ukija kusikiliza nyumbani ukakuta "kushoto" inatokea kulia, geuza polariti ya S, kazi imekwisha.

Geini (viwango vya kurekodia) za M na S ziwe sawa?

Kama rekoda inakuruhusu, anza sawa. Mara nyingi S itaonekana ndogo kwenye mita kwa sababu haiwasikii waimbaji wa katikati, usiogope. Ukitaka kuipandisha ili isije na uvumi, pandisha, ila andika umeongeza desibeli ngapi. Acha nafasi juu: mimi naacha vilele vifike karibu desibeli −12, maana M na S zikijumlishwa upande wa kushoto unaweza kuruka kuliko ulivyotegemea.

Nazigeuzaje kuwa stereo kwenye kompyuta?

Weka M kwenye traki ya kwanza, katikati. Weka S kwenye traki ya pili, isukume kushoto kabisa. Nakili S kwenye traki ya tatu, igeuze polariti, isukume kulia kabisa. Funga traki mbili za S pamoja ili feda zake (vitelezi vya kupandisha na kushusha sauti) zipande na kushuka kwa kiwango kimoja. Sikiliza.

Kuna programu zinazofanya hayo kwa mpigo mmoja. Voxengo MSED ni ya bure na inatosha. Lakini nakushauri ufanye kwa mkono walau mara moja. Utaelewa kinachoendelea, na siku ikiharibika utajua pa kuangalia.

S iwe kubwa kiasi gani?

Hili ndilo swali ambalo jibu lake linaweza kukupa kazi nzuri au kukuharibia, kwa hiyo nivumilie kidogo.

Tuseme M ni kadioidi. Ukiiacha S sawa na M, unachopata ni kama maiki mbili za X/Y zinazotazama nyuzi 63 kila upande, zenye umbo jembamba kuliko kadioidi. Ukiishusha S kwa desibeli 6, zinakuwa kama zinatazama nyuzi 45 kila upande, na umbo linanenepa kidogo. Kwa hiyo feda moja inazungusha na kuunda upya maiki ambazo hazipo.

Sasa hatari yake. S ikiwa sawa na M, mwimbaji aliyesimama zaidi ya nyuzi 53 kutoka katikati anaanza kutokea kwenye spika ya upande wa pili akiwa amegeuzwa polariti. Masikioni inakuwa kama sauti imening'inia nje ya chumba, haina mahali. Kidogo inavutia, ikizidi inachosha na kuumiza kichwa. S ikishushwa desibeli 6, mpaka huo unasogea hadi nyuzi 90, na hakuna aliye mbele yako atakayeuvuka.

Kwa hiyo kwaya iliyojipanga kwa upinde mpana inahitaji S ndogo, na kikundi kilichobanana mbele kinahitaji S kubwa. Mimi naanza na S ikiwa chini ya M kwa desibeli 6, napandisha polepole mpaka nisikie kuta za kanisa, kisha narudi nyuma desibeli moja. Halafu nabonyeza mono. Kama mashairi bado yanaeleweka na waimbaji wote wapo, nimefika.

Usipandishe S kwa sababu tu inasikika kubwa kwenye hedifoni. Hedifoni zinadanganya upana. Sikiliza kwenye spika mbili, hata kama ni ndogo.

Kushoto sauti imejaa, kulia ni nyembamba na ya mbali. Maiki imekufa?

Haijafa. Unasikiliza M na S ambazo hazijageuzwa: M imekaa kushoto, S imekaa kulia.

Niliwahi kupeleka rekodi ya kwaya ya Pasaka kwa watu wa kurusha hewani, faili moja yenye M na S, bila maelezo. Ikarushwa hivyo hivyo. Waliosikiliza kwa redio za mono walipoteza upande mzima wa wanaume. Hesabu inaeleza kwa nini: ukijumlisha M na S bila kuzigeuza unapata kushoto peke yake. Sauti ya kwanza na ya pili zilikuwa kushoto, zikasikika vizuri. Teno na besi walikuwa kulia, wakabaki kama watu wanaoimba barabarani. Wale wazee wa besi walikuwa wamefanya mazoezi tangu Kwaresima inaanza, na ndugu zao walikaa karibu na redio wakiwasubiri. Tangu siku hiyo sitoi faili isiyogeuzwa bila kuandika M na S kwenye jina lake, na ninayemkabidhi namweleza kwa mdomo.

Stendi niiweke wapi mbele ya kwaya?

Chukua upana wa kwaya. Kwaya ya mita 6 kutoka mwanzo hadi mwisho, ukisimama mita 3 mbele, inakaa nyuzi 45 kila upande. Hapo S inaweza kukaribia M bila matatizo. Pandisha stendi juu ya kichwa cha mwalimu wa kwaya, mita mbili na nusu hadi tatu, maiki ziiname kidogo kuelekea safu ya nyuma, la sivyo soprano wa mbele wataimeza besi.

Kanisa la paa la bati na kuta tupu lina mwangwi mkali. Isogelee kwaya nusu mita zaidi kuliko unavyotaka. Mwangwi utaurudisha baadaye kwa feda ya S. Mvua ikianza, simamisha kazi. Hakuna maiki wala programu itakayoishinda mvua juu ya bati.

Na taarabu?

Taarabu ya asili, ile ya vikundi vikongwe vya Unguja kama Nadi Ikhwan Safaa kilichoanza mwaka 1905, inaipenda sana M/S, kwa sababu tayari imejipanga kwa mizani: fidla upande huu, kanuni na udi pale, akodiani, dumbaki na tari nyuma, mwimbaji katikati. M imtazame mwimbaji.

Shida mbili. Udi ni mpole. Ukimwacha pembeni kabisa atapotea kwenye M, na msikilizaji wa mono atamkosa. Mwombe mpigaji kwa adabu asogee ndani hatua mbili. Nimezoea kusema, "Mzee, tukikuweka hapo watu wa simu hawatakusikia," na hajawahi kukataa hata mmoja. Ya pili ni spika za ukumbi, zinazokaa kushoto na kulia zikitoa sauti ile ile. S inaelekea huko huko. Weka stendi kwenye mstari wa katikati kabisa: sauti ile ile ikiupiga utando wa S kutoka pande zote mbili kwa nguvu sawa inajifuta. Ukikaa mita moja pembeni, haijifuti tena, na utasikia sauti ya mwimbaji ikipwaya.

Je, inafaa nje, baharini au porini?

Inafaa sana, lakini upepo ni adui mkubwa. Maiki ya umbo la nane inashtuka kwa upepo kuliko aina nyingine karibu zote, na mtikisiko wa stendi nao inaukuza. Kofia ya sponji haitoshi. Unahitaji kikapu chenye manyoya kinachozimeza maiki zote mbili. Kata masafa ya chini ya hezi 80 hadi 100 kwenye S. Stereo haitapungua kitu cha maana, na mingurumo itaondoka.

Kwa mahojiano?

Kwa sauti ya anayeongea tumia M peke yake. S ichukue mazingira: soko, ufukwe, watoto. Wakati wa kuhariri unaifungua S mtu anaponyamaza na kuishusha anapoanza kusema. Kwa makala za redio sijaona kilicho bora kuliko hiki.

Hii inahusiana na ule ujanja wa kuondoa sauti ya mwimbaji kwenye wimbo?

Ndiyo, ni kitu kile kile. Stereo yoyote inaweza kurudishwa kuwa M na S: jumla ya pande mbili ni M, tofauti yao ni S. Mwimbaji akiwa katikati kabisa yuko kwenye M tu, kwa hiyo ukisikiliza S peke yake anatoweka, pamoja na besi na ngoma zilizowekwa katikati. Mwangwi wake unabaki, ndiyo maana anasikika kama yuko chumba cha pili.

Maana yake pia unaweza kurekebisha upana wa rekodi ya X/Y kwa njia hii. Kidogo. Kilichorekodiwa chembamba hakigeuki kuwa kipana kwa kulazimishwa.

Ni wakati gani nisitumie M/S?

Ukiwa na ukumbi mzuri, kwaya kubwa, na unajua wasikilizaji wako wana spika mbili nzuri, maiki mbili zilizoachana, zile za A/B, zitakupa hewa ambayo M/S haina. M/S inatofautisha pande kwa nguvu ya sauti tu. A/B inaongeza na tofauti ya muda, na sikio linaipenda tofauti hiyo. Pia kama rekoda haiwezi kukugeuzia M/S kwenye hedifoni unaporekodi, na ndiyo kazi yako ya kwanza, usijaribu kwenye harusi ya mtu. Jaribu kwenye mazoezi ya Jumatano.

Nihifadhi faili zipi?

Hifadhi M na S zenyewe, WAV, biti 24, kilohezi 48, na pembeni faili moja iliyogeuzwa kuwa stereo. Kwenye jina weka tarehe, kikundi, na herufi M au S. Andika pia nani alisimama wapi. Miaka ikipita mtu atataka kuitanua ile kwaya upya, au kumtafuta bibi yake kwenye safu ya sauti ya pili, na atahitaji kujua aanzie upande gani.